Mwamba wa Simba na Matata Yetu

Kama unafunga duka, kama umetoka ng'ambo sasa hivi na mzigo bado uko kichwani, utue kidogo unisikilize. Jua linazama upande wa Goma. Ziwa Kivu limetulia, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, ndio wanatoka: mitumbwi mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na wimbo wao ndio unaopima kasia.

Jioni hii nina neno juu ya Simba. Yule wa porini atakuja baadaye. Namsema kwanza Simba wa filamu ya The Lion King, mtoto wa mfalme aliyefiwa na baba yake, ambaye karibu kila nyumba yenye televisheni imeshamwona akilia.

Jumamosi nilikwenda kunyolewa hapa Gisenyi, mtaa wa Mbugangari. Kwa kinyozi wangu simu moja hupita mikononi mwa wote wanaosubiri zamu, na safari hii kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa mwamba mkubwa uliochongoka, umetokeza mbele kama ulimi, na maji chini yake. Kijana aliyeshika simu akatangaza: "Ni Paris. Wanajenga nchi ya Simba."

Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja aliyewahi kuendesha lori hadi Mombasa kwa miaka mingi. Akauliza, "Paris kuna simba?"

"Hakuna, mzee wangu. Ni wa kutengenezwa."

"Basi wamemtoa wapi?"

Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Mmoja akasema mwamba ule ni wa Kenya. Mwingine akasema acha, ni Serengeti. Wa tatu akasema sinema ni sinema, haina mahali, mwenye kuichora ndiye mwenye nayo. Mashine ya kunyolea ikazimwa ili watu wasikilizane. Nimetoka pale na swali la mzee, na nimekaa nalo wiki nzima. Wamemtoa wapi?

Kwanza tuweke habari sawa. Bustani ya michezo ya Disneyland Paris ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, mashariki ya mji wa Paris, na mwaka 2002 ikaongezwa bustani ya pili pembeni yake. Hiyo ya pili ilibaki ndogo, watu wakailalamikia, ndipo mwaka 2018 wenyewe wakaahidi kutumia euro bilioni 2 kuipanua kwa sehemu tatu mpya, kila moja ikifuata filamu: mashujaa wa Marvel, hadithi ya barafu ya Frozen, na vita vya nyota vya Star Wars. Ya Marvel ilifunguliwa Julai 2022. Ya Star Wars ikafutwa. Kisha tarehe 10 Agosti 2024, katika mkutano mkubwa wa mashabiki huko Marekani, ikatangazwa kwamba bustani hiyo hiyo ya Paris itapata sehemu ya The Lion King, na kazi ya kujenga ikapangiwa majira ya vuli ya 2025. Kitovu chake ni mwamba, na mchezo wa kuteremka kwenye maji.

Mashabiki wa bustani hizi ni watu wanaozipenda kama sisi tunavyopenda mpira, na wamegawanyika. Wengine wanasema mchezo wa maji Paris ni wa miezi michache tu, maana baridi ya Januari si ya kurushiwa maji. Wengine wanasikitika kwamba nchi nzima ya Simba inaelekea kutegemea mchezo mmoja. Waliosubiri Star Wars bado wana donge. Na wapo wenye hoja nzito kuliko zote hizo: kwa nini kila kitu kijengwe kwa kufuata filamu? Zamani wajenzi wa bustani hizi walibuni mahali wenyewe, mgeni akaingia bila kujua hadithi akatoka nayo. Mwaka 2011 Disney walipotangaza kujenga dunia ya filamu ya Avatar katika bustani yao ya wanyama huko Florida, hoja hiyo ilipigwa miaka sita, hadi sehemu ile ilipofunguliwa Mei 2017. Tangu hapo, kila tangazo jipya likitoka, wanaanza upya.

Naitaja Florida kwa sababu nyingine, na hapa naomba tukae kidogo. Katika bustani ile ya wanyama, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, kuna mji unaoitwa Harambe. Ndiyo, Harambe, neno la Kiswahili. Ni mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki, na waliouchora, wakiongozwa na msanii Joe Rohde, walisafiri huku kwetu na kuutazama sana mji wa Lamu kabla ya kujenga mji wao. Kuta zake zimechubuliwa chokaa kwa makusudi ili zionekane zimepigwa na jua na chumvi. Kuna vibao vya Kiswahili. Kuna ukuta ulioandikwa Uhuru na mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Pale mgeni akitaka kwenda kuona wanyama, anapitia kwanza mitaa ya watu: maduka, ngome, matangazo ya biashara, waya za umeme. Ule mji haukutoka kwenye filamu yoyote. Mtu aliketi akajiuliza, watu wa pwani hii wanaishije, wanaandika nini ukutani? Hata kama jibu lake lina kasoro, na linazo, swali lilikuwa la heshima.

Filamu ya The Lion King haina binadamu hata mmoja. Si kosa, ni hadithi ya wanyama, na sisi tuliolelewa na Sungura na Fisi hatuwezi kuikataa hadithi kwa sababu hiyo. Wachoraji wake walikwenda Kenya, wakakaa na vitabu vyao vya kuchorea, na bonde la Hell's Gate karibu na Naivasha hutajwa kila mwamba ule unapozungumziwa. Kwa hiyo yule aliyesema Kenya pale kwa kinyozi hakukosea sana. Lakini zaidi ya mawe na majani, walibeba kitu ambacho hakioti porini. Walibeba maneno. Simba. Rafiki. Pumbaa. Sarabi, ambalo ni mazigazi. Shenzi, jina la fisi. Neno halina mwamba linapokaa. Linakaa mdomoni mwa mtu. Basi filamu isiyo na mtu imejaa vinywa vya watu.

Nitakupa mfano wa karibu. Pale Majengo kuna bibi, jirani yangu, ambaye binti yake anaishi Brussels. Kila Jumapili mjukuu wa miaka saba huongea na bibi kwa simu ya picha, nusu Kifaransa, nusu Kinyarwanda kilichovunjika. Siku moja bibi, kama kawaida yake, akamuuliza kwa Kiswahili: "Na rafiki yako wa shule hajambo?" Mtoto akanyamaza. Akaisogeza simu karibu, jicho moja likajaa kioo kizima. Akauliza kwa Kifaransa: "Bibi, kumbe na wewe unajua lugha ya Simba?"

Bibi alinisimulia huku ameshika upawa, sambaza zinakauka kwenye kikaango. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Mtoto anafikiri nimejifunza kwenye sinema."

Bibi huyo ni mtu wa Gisenyi tangu kuzaliwa. Kiswahili alikipata kwa mama yake, aliyekuwa akivuka mpaka na vitunguu. Wakati wa ujana wake, katika nchi hii, Kiswahili kilidharauliwa. Walikiita lugha ya wajanja wa sokoni, ya madereva, ya watu wa mitaa fulani. Mtoto wa shule akikisema mbele ya wageni alikonyezwa anyamaze. Imechukua muda mrefu hadi mwaka 2017 kikawa lugha rasmi ya Rwanda. Na miaka yote hiyo ambapo bibi alikuwa akiambiwa apunguze Kiswahili chake, ulimwengu ulikuwa ukikiimba na kukilipia kiingilio. Jambo hilo linaniuma, na sioni haya kulisema.

Tuyatazame maneno yenyewe, maana huku kwetu yana uzito ambao pwani hayanao. Chukua matata. Ukienda Dar es Salaam, mtu wa kawaida atakwambia hamna shida, hakuna tatizo. "Hakuna matata" atamwambia mtalii. Lakini huku Kivu, Gisenyi na Goma, matata ni neno la kila siku. Mama sokoni anamwambia mteja mgumu: usiniletee matata. Mtoto akivunja sahani: umeleta matata. Kongo ilikuwa na waziri mkuu mwenye jina hilo, Matata Ponyo, kuanzia 2012 hadi 2016. Kwetu neno hili halijawahi kuwa la likizo. Linabeba deni, ugomvi, foleni ya mpakani, mlima unaotoa moshi. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakamiminika kuvuka kuja huku usiku, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka hadi nyumba zikapasuka katikati ya mji wetu, neno lililosikika kila kona lilikuwa hilo. Matata. Hakuna aliyelitangulizia "hakuna".

Chukua Simba. Mtoto wa Paris akilisikia anaona mnyama mdogo mwenye macho makubwa. Mzee wa upande wa pili wa mpaka akilisikia anaweza kukumbuka 1964, waasi waliojiita Simba, vijana walioaminishwa kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji, walioiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, mwezi wa Agosti. Na Shenzi? Wazee wa Kenya na Tanganyika waliitwa hivyo na mabwana wa mashamba enzi za ukoloni. Ni tusi lenye kiboko ndani yake. Aliyemwita fisi jina hilo sijui kama aliambiwa na mtu yeyote linavyouma. Ndiyo maana nasema maneno si mapambo. Ukilichukua neno, umelichukua na mizizi na udongo wake.

Kuna waliokasirika kuliko mimi. Mwaka 1994 Disney waliomba maneno "hakuna matata" yasajiliwe Marekani kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2003 wakapata usajili. Habari ilienea mwishoni mwa 2018, Mzimbabwe mmoja alipoanzisha ombi la kuupinga, na sahihi zaidi ya laki moja zikakusanywa. Pale kwa kinyozi bado kuna anayeamini kwamba ukilitamka utatozwa faini. Hapana. Alama ya biashara haimzuii mtu kusema. Inazuia mwingine asiuze fulana zenye maneno hayo katika soko lile. Lakini hata baada ya kuelezwa sheria, watu waliendelea kuumia, na nawaelewa. Usemi uliosemwa na mababu, leo una karatasi, na jina lililoandikwa kwenye karatasi si la mababu.

Mwaka 1994, msikilizaji wangu. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Juni mwaka ule. Juni ile sisi hapa tunajua tulikuwa wapi, na tunajua nani hakufika Julai. Wakati watoto wa dunia wakijifunza kuimba kwamba hakuna matata, Rwanda ilikuwa ndani ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Simlaumu mchoraji wa California kwa hilo. Nalitaja kwa sababu Simba alitufikia baadaye, kwa kanda, katika vibanda vya agasobanuye, ambako msimulizi hukaa na kipaza sauti na kuigeuza filamu nzima kuwa Kinyarwanda. Kizazi kizima hapa nchini kilizijua filamu za nje kwa sauti ya msimulizi marehemu Yanga kabla ya kuzijua kwa sauti zao wenyewe. Na kwenye vibanda vile kulikuwa na jambo la ajabu: kwa Kinyarwanda mnyama huyu ni intare, lakini jina Simba halikuhitaji tafsiri. Wa Gisenyi walilijua. Walikuwa wakitazama filamu ya Marekani na jina la mhusika mkuu lilikuwa la nyumbani kwao.

Sasa yule wa porini. Baada ya 1994 wakimbizi wengi walirudi na ng'ombe wao, wakatafuta malisho ndani ya Akagera, mashariki ya nchi. Simba aliyekula ng'ombe aliwekewa sumu. Wakaisha wote. Kwa zaidi ya miaka kumi Rwanda haikuwa na simba hata mmoja, hadi 2015 saba walipoletwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Mimi niliona picha za masanduku yakishushwa, na watu wazima wamesimama kimya kana kwamba wanampokea mtu. Leo wamezaana. Nchi ya simba ilijengwa upya hapa hapa, kwa uzio, kwa walinzi, na kwa mazungumzo marefu na wafugaji.

Na kama mtu ananiambia kwamba watu hawawezi kusafiri kwa sababu ya filamu, nitamwonyesha Kinigi, kwenye lango la hifadhi ya sokwe, mwendo usiofika saa mbili kutoka hapa. Mwaka 1988 ilitoka filamu ya Gorillas in the Mist, Sigourney Weaver akiigiza kama Dian Fossey, aliyejenga kambi ya Karisoke kati ya Karisimbi na Bisoke mwaka 1967 na kuuawa humo Desemba 1985. Ilipigwa kwenye milima yetu hii. Hadi leo wanakuja watu ambao ukiwauliza walianzia wapi kuwaza safari, wanaitaja filamu. Wanalipa dola 1,500 kukaa saa moja na sokwe. Sokwe wa milimani hawamo katika bustani yoyote ya wanyama duniani. Hata wale wa Florida ni sokwe wa nyanda za chini za magharibi. Ukitaka kuwaona hawa, lazima upande mlima. Na sehemu ya fedha, asilimia 10 ya mapato ya hifadhi, imetengwa kwa jamii zinazoizunguka: shule, maji, barabara za vijijini. Hii nayo ni nchi ya filamu, lakini wenyeji wake wamo. Wanaongoza njia, wanabeba mizigo, wanajua kila sokwe kwa jina, na mgeni hawezi kupita bila kuwasikia wakisema.

Kijana wa simu aliposikia hesabu hiyo alisema basi na Paris watoe asilimia kwa ajili ya maneno. Nilifikiri sana juu ya hilo, na siliungi mkono. Maneno si koltani, hayapimwi kwa kilo mpakani. Nikikubali bei leo, nimekubali kwamba yanauzwa.

Ninachokitaka ni kingine, na kiko karibu na wajenzi kuliko wanavyofikiri. Pale Paris kuna chuo cha INALCO kinachofundisha Kiswahili. Kuna Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Watanzania. Kuna Wakomoro kwa maelfu, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Kutoka katikati ya mji hadi kwenye lango la bustani ni treni moja, dakika zipatazo 40. Wawatafute hawa kabla saruji haijakauka. Wawaulize Shenzi maana yake nini, na kama jina hilo lazima liandikwe kwenye kibao ambacho mtoto mweusi atapigia picha. Kibao cha Kiswahili kiandikwe kwa Kiswahili kilichonyooka. Na mahali fulani chini ya mwamba ule, pasipo maji na pasipo kelele, mgeni aambiwe: maneno haya yana wenyewe, zaidi ya watu milioni mia moja, kutoka Lamu hadi Kivu, wanayatumia kununulia chumvi na kuzikia wafu wao. Kwenye bustani ya kwanza pale tayari kuna mkahawa unaoitwa Hakuna Matata. Watu wanakula, wanalipa, wanaondoka. Miaka mingi jina liko mlangoni, na wangapi wametoka wakijua ni la nani?

Mashabiki wakibishana juu ya baridi na maji, mimi nawaelewa, wanakipenda kitu chao. Mtu anayependa ndiye anayebishana. Ningependa na sisi tuingie kwenye ubishi huo tukiwa na la kusema, kwa sababu katika nchi ile ya Simba, sisi si wageni.

Jumapili iliyopita nilipita kwa bibi kurudisha sufuria. Nilikuta simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, mjukuu yuko kioo kizima. Wameahidiwa kwenda kuiona nchi ya Simba siku itakapofunguliwa, na bibi alikuwa anamwandaa.

"Sema: matata iko."

"Matata iko," mtoto akasema, t zake zote za Kifaransa.

"Lakini tutaimaliza."

"Lakini tuta..."

"Tutaimaliza."

"Tutaimaliza."

"Eeh. Sasa nenda kamwambie mama yako, halafu urudi uniambie amejibu nini."